Somo kutoka Ziwa Salton: Samaki Huanza Kutoweka Wakiwa Mayai

Ziwa Turkana halina mto unaotoka. Maji huingia kutoka Omo, Turkwel na Kerio, kisha hupaa angani kwa jua na upepo. Kila mtoto aliyekulia Kalokol au Eliye analijua hilo. Lisilozungumzwa sana ni matokeo yake: maji yakipaa, chumvi hubaki.

Katika somo la toleo hili tunakwenda mbali, hadi jimbo la California nchini Marekani. Huko kuna ziwa la jangwani lisilo na mto unaotoka, kama letu. Lilikuwa na samaki wakubwa waliovuta wavuvi wa burudani kutoka miji ya mbali. Leo samaki hao wametoweka, na jinsi walivyotoweka ni jambo ambalo kila mkaazi anayekula au kuuza samaki anapaswa kulielewa.

Ziwa lililotokana na ajali

Mwaka 1905 Mto Colorado ulifurika, ukavunja mfereji wa kumwagilia mashamba na kuelekea bondeni, mahali palipo zaidi ya mita 65 chini ya usawa wa bahari. Mkondo huo haukuzibwa hadi mwaka 1907. Bonde likawa ziwa, likaitwa Salton. Tangu wakati huo, ziwa hilo limetegemea hasa maji yanayochuruzika kutoka mashambani, maji yaliyobeba chumvi na mbolea. Inakadiriwa kwamba tani milioni 4 hivi za chumvi huingia kila mwaka, na hakuna njia ya kutoka.

Katika miaka ya 1950, serikali ya jimbo ilileta samaki wa baharini kutoka Ghuba ya California. Aina nyingi zilikufa, lakini tatu zilishika: korvina, sargo na bairdiela. Korvina ndiye aliyekuwa fahari ya wavuvi wa ndoano, kwani aliweza kuzidi kilo 10. Baadaye tilapia, ndugu wa ngege wetu, naye aliingia na kuongezeka kupita kiasi. Hoteli, vilabu vya mashua na maduka ya chambo vilijengwa ufuoni. Watu waliamini kwamba neema hiyo haingeisha.

Mayai hufa kabla ya wazazi

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani kama vijiko sita vya chai. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990, Ziwa Salton lilikuwa limefika gramu 44 hivi.

Kuna jambo ambalo macho ya mvuvi hayawezi kuliona. Samaki mkubwa huweza kuvumilia chumvi ambayo yai lake haliwezi. Majaribio ya maabara katika miaka ya 1970 yalionyesha kwamba mayai na vitoto vya samaki wa Salton vingeshindwa kuishi chumvi ikipita gramu 40 hivi. Onyo lilikuwepo mapema. Lakini kwa kuwa samaki wakubwa bado walikuwa wakinaswa kwenye ndoano, wengi hawakuona sababu ya kuharakisha.

Mbolea ilileta balaa la pili. Ilistawisha mwani, mwani ukafa na kuoza chini ya maji, na kuoza huko kukamaliza hewa ya oksijeni. Upepo wa kiangazi ulipokoroga maji, yale ya chini yaliyokosa hewa yalipanda juu. Mwezi wa Agosti 1999, takriban samaki milioni 7.6 walikufa kwa siku moja, wengi wao tilapia. Miaka mitatu kabla ya hapo, zaidi ya mwari 8,000 walikufa kwa sumu ya bakteria baada ya kula tilapia wagonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, korvina, sargo na bairdiela hawakupatikana tena. Mwaka 2003 yalifikiwa makubaliano ya kupeleka mijini sehemu ya maji yaliyokuwa yakitumika mashambani, na maji ya ziada yaliyotolewa ili kulisaidia ziwa yalikoma mwishoni mwa 2017. Ziwa lilizidi kupungua, na chumvi ikapita gramu 60. Tilapia nao wakaporomoka. Vumbi kutoka kwenye ufuo uliokauka sasa ni tatizo la afya, hasa kwa watoto wenye pumu.

Jaribio la nyumbani au shuleni

Chukua sufuria mbili zinazolingana. Weka lita moja ya maji na kijiko kimoja cha chumvi katika kila sufuria, kisha uziache juani. Kila jioni, ongeza maji safi katika sufuria ya kwanza hadi yafike kiwango cha mwanzo. Ya pili usiiongeze. Baada ya siku chache, onja tone kutoka kila sufuria. Chumvi ni ile ile, kilichobadilika ni maji. Sufuria ya kwanza ni ziwa linalopata mto wake. Ya pili ni ziwa lililonyimwa.

Je, Turkana iko wapi?

Ziwa letu halijafika huko. Lina takriban gramu 2.5 za chumvi na magadi kwa lita, chini ya nusu kijiko. Sangara, au mbuta kama wengi wanavyomwita, bado yupo. Tena miaka ya karibuni maji yamepanda na kufunika baadhi ya fuo. Kwa hivyo hatuandiki haya kumtisha mtu.

Hata hivyo, kanuni ya sufuria ni moja. Takriban asilimia 90 ya maji ya ziwa hutoka Mto Omo, nchini Ethiopia. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa mwaka 2016, na maji ya mto huo pia yanamwagilia mashamba makubwa ya miwa. Mwaka 2018, UNESCO iliweka Mbuga za Kitaifa za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Samaki hutegemea mafuriko ya kila mwaka, yanayoleta rutuba na kufunika maeneo ya kina kifupi wanamokulia vitoto.

Wazee wa Kalokol hawahitaji mfano wa Marekani. Katikati ya miaka ya 1970, Ghuba ya Ferguson ilijaa ngege. Miaka ya 1980 maji yalirudi nyuma, ghuba ikakauka, na kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway hakikutimiza matumaini yaliyowekwa juu yake.

Tulilo nalo mikononi

Maji ya Omo yanahitaji mazungumzo kati ya nchi na nchi. Lakini vitoto vya samaki viko mikononi mwetu.

• Usitumie kokoro wala nyavu za monofilamenti. Zimekatazwa na sheria.
• Samaki mchanga aliyenaswa akiwa hai, mrudishe majini.
• Usivue katika mazalio, hasa midomo ya mito na sehemu zenye nyasi za majini.
• Kikundi chako cha usimamizi wa ufuo, yaani BMU, kiandike idadi na ukubwa wa samaki wanaoshushwa. Ukubwa ukipungua mwaka hadi mwaka, hilo ni onyo.
• Ukiona samaki wengi wamekufa, usiwale wala kuwauza. Ripoti kwa afisa wa uvuvi aliye karibu nawe.

Maswali ya kujadili katika baraza, BMU au darasani

1. Kwa nini samaki wakubwa waliendelea kunaswa Salton ilhali kizazi kipya kilikuwa kimekwisha?
2. Katika ufuo wenu, samaki wachanga huonekana wapi, na msimu gani?
3. Nani hapa kijijini anakumbuka ghuba ilipokauka? Mwombeni awasimulie watoto, na mwalimu aandike.