Matrekta adimu: yamebaki mangapi, na bei ni kiasi gani?

SWALI: Nitajuaje matrekta ya Minneapolis-Moline UDLX yaliyobaki ni mangapi, na thamani yake?

JIBU: Fuata namba ya kiwandani iliyogongwa kwenye kibati. Mwaka 1938 yalitengenezwa takriban 150 tu huko Marekani, hivyo kila namba inayojitokeza mnadani, kwenye makumbusho au kwa mkulima, iandike daftarini pamoja na tarehe, hali na picha. Ukihesabu matangazo badala ya namba, trekta moja lililouzwa mara tatu litageuka matatu. Thamani kubwa imo kwenye kabini ya chuma. Hakikisha ni ya asili, si nakala. Kuhusu bei, amini iliyolipwa mnadani, si inayotajwa na muuzaji.