Kuisubiri Ganpati: Somo la Mgeni Mjini Pune

Ninaandika kutoka Pune, magharibi mwa India, ninakosomea shahada ya uzamili. Mhariri aliniomba niandike kuhusu maisha ya mwanafunzi ughaibuni. Ningeweza kueleza jinsi hela ya kujikimu inavyochelewa, lakini habari za bumu mnazijua kuliko mimi. Nimechagua sikukuu ninayoisubiri: Ganesh Chaturthi, ambayo hapa kila mtu huiita Ganpati. Mwaka huu wa 2026 inaanza tarehe 14 Septemba. Itakuwa mara yangu ya kwanza kuiona, na mimi ni Muislamu wa Tanga. Sasa hapo ndipo penye swali: mtu anaisubirije kwa furaha sikukuu ambayo si yake?

Tuanze na maneno

Nyumbani tunachanganya Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Hapa Pune nina majirani Wahindi ambao ni Waislamu, Wakristo na Wabudha. Wazee wetu wa pwani walimwita Mhindu Baniani, na sote tumeikariri shuleni ile methali, Baniani mbaya kiatu chake dawa. Ukiitafakari, inamkubali mtu kwa faida yake tu, yeye mwenyewe abaki hukohuko. Ndiyo maana tunaweza kupita nje ya mahekalu ya Kisutu, Dar, miaka nenda rudi, bila kuuliza ndani kuna nini.

Kalenda

Mwaka jana Ganpati ilianza 27 Agosti. Sisi tuliozoea Ramadhani kurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka tunashangaa: mbona hii imesogea mbele? Kumbe kalenda ya Kihindu nayo hufuata mwezi, lakini kila baada ya miaka kama mitatu huongezwa mwezi mzima ili ilingane na jua. Mwaka huu mwezi huo wa ziada ulianzia katikati ya Mei hadi katikati ya Juni. Kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote, ila Ganpati haitoki Agosti na Septemba, mvua za huku zinapoelekea ukingoni.

Udongo na mgeni

Ganesha, mwenye kichwa cha tembo, ni mtoto wa Shiva na Parvati. Wahindu humwomba kabla ya kuanza jambo lolote, kwa kuwa ndiye mwondoa vikwazo. Huhusishwa pia na elimu, hivyo wanafunzi wenzangu wanaoogopa sapu wana sababu ya kumkumbuka.

Familia hununua sanamu ya udongo. Mpaka hapo, kwa wenyewe, huo ni udongo. Siku ya kwanza hufanyika ibada ya kuikaribisha pumzi ya mungu ndani yake. Kuanzia hapo huhudumiwa kama mgeni wa heshima, kwa maua mekundu, majani ya durva, chakula, na nyimbo asubuhi na jioni. Baada ya siku moja na nusu, tano, saba au kumi, kufuatana na desturi ya nyumba, huagwa kwa ibada nyingine na kuzamishwa majini, huku watu wakimsihi arudi mapema mwakani. Siku hizi sanamu nyingi ni za plasta, ambayo haiyeyuki upesi na huchafua mito, kwa hiyo manispaa huweka matangi ya kuzamishia.

Basi anayesema "wale wanaabudu udongo" hajawauliza wenyewe. Unaweza kutokubaliana nao, na mimi dini yangu ni nyingine. Lakini tofautiana na kile wanachokiamini kweli, si na ulichowabunia.

Sikukuu iliyotoka mtaani

Kwa familia nyingi Ganpati ilikuwa sikukuu ya nyumbani. Mwaka 1893 Bal Gangadhar Tilak, mwanasiasa na mwenye gazeti la Kesari, aliipigia debe ifanyike hadharani. Wapo watu wa Pune wanaosema Bhausaheb Rangari alimtangulia mwaka 1892, na ubishi huo haujaisha. Waingereza walikuwa wakitawala. Mkutano wa siasa ulikuwa rahisi kuuzuia, sikukuu ya dini haikuwa rahisi. Chini ya mwavuli huo zikapita hotuba, nyimbo na maigizo. Nasi tunaikumbuka Dar ya mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopitia vikundi vya ngoma vya wanawake kuingiza wanachama TANU. Watu wakishazoea kukusanyika, kazi ya siasa imepungua nusu.

Nondo hii ina upande wa pili. Enzi hizo Wahindu wengi walishiriki maandamano ya Muharram pamoja na Waislamu. Mwaka huohuo wa 1893 zilizuka ghasia kati ya jamii hizo mbili mjini Bombay, na sikukuu mpya ya mtaani ikawavuta Wahindu kutoka kwenye Muharram. Sikukuu iliyowaunganisha watu mbele ya mkoloni ikawatenga majirani.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Tarehe 28 Septemba 2023, siku ya kuzamisha sanamu iliangukia siku ya Maulidi. Viongozi wa Kiislamu mjini Mumbai wakakubaliana maandamano ya Maulidi yafanyike kesho yake, na serikali ya jimbo ikatoa mapumziko tarehe 29.

Mimi nasimama wapi?

Mwenye nyumba wangu namwita Kaku, yaani mke wa baba mdogo kwa Kimarathi. Mumewe ni Kaka, na hapo Mswahili lazima ajikumbushe kuwa huyo si kaka yake. Neno "mama" ndiyo kabisa, kwao ni mjomba! Nikipokea simu ya nyumbani nikasema "Shikamoo mama", Kaku hudhani mjomba amepiga.

Kaku amenialika nimsaidie kufinyanga modak, vitafunio vya unga wa mchele vilivyojazwa nazi na sukari guru, umbo kama kitunguu saumu, vikapikwa kwa mvuke. Mtu wa Tanga kwa nazi hana ubishi. Akanialika pia kwenye nyimbo za ibada. Mama alipopata habari akasema, "Jirani ni jirani, mwanangu, ila dini yako usiiache mlangoni na viatu."

Nikamweleza Kaku wazi: kazi ya jikoni nitafanya, nyimbo nitasikiliza nikiwa nyuma, lakini sitainama, wala sitakula kilichokwisha kutolewa kwa sanamu. Nilidhani atanuna. Akanijibu, "Vya kwako nitakutengea kabla sijavipeleka mbele." Yamekwisha.

Wenzangu wawili Waislamu wameamua vingine: mmoja hatahudhuria kabisa, mwingine amejiunga na kikundi cha ngoma za dhol. Simhukumu yeyote. Ila wote watatu tuliamua baada ya kuuliza.

Kwa sasa, kila jioni vikundi vya dhol vinafanya mazoezi kando ya mto Mutha. Kusoma desa haiwezekani, nami sitaki waache. Zimebaki wiki tatu, na Kaku ameshaniagiza nitafute nazi zilizokomaa.

Maswali ya kujadili

1. Kuna tofauti gani kati ya kuhudhuria, kushiriki na kuabudu? Wewe unaweka mpaka wapi, na kwa nini?
2. Taja sikukuu moja ya majirani zako. Unajua nini kuihusu ambacho umeelezwa na wenyewe?
3. Sikukuu inaweza kuunganisha watu na papo hapo ikawatenga wengine. Toa mfano wa nyumbani.