Kuhakiki Hesabu ya Bwana Spock Darasani

Mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, uliobuniwa na Gene Roddenberry, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1966 na 1969. Katika sehemu zake 79 twachagua moja, "The Trouble with Tribbles", iliyoandikwa na David Gerrold na kuonyeshwa tarehe 29 Desemba, 1967. Kinachotuvuta ni idadi moja inayotajwa humo.

Mchuuzi mmoja, Cyrano Jones, afika kwenye kituo cha angani akiwa na viumbe wadogo wa mviringo, wenye manyoya, wasio na macho wala miguu ya kuonekana. Uhura, ofisa wa chombo cha angani, apewa mmoja. Viumbe hao huzaliwa wakiwa tayari na mimba, na kadiri walavyo ndivyo wazaavyo. Muda si muda wamejaa chomboni, kisha wakaingia ghala la nafaka la kituo. Nahodha Kirk afungua mlango wa ghala, nao wammiminikia hadi kifuani.

Hapo msaidizi wake, Spock, ataja idadi yao papo hapo: 1,771,561. Aeleza kwamba ameanza na kiumbe mmoja, azaaye wastani wa watoto kumi kila baada ya saa 12, kwa muda wa siku tatu. Na kwamba amezingatia nafaka iliyoliwa na ukubwa wa ghala. Mtazamaji wa kawaida hucheka na kuendelea kutazama. Mwalimu yampasa asimame hapo.

Siku tatu zina vipindi sita vya saa 12. Ikiwa wazazi hawafi, na wanaendelea kuzaa pamoja na watoto wao, kila mmoja huwa 11 katika kila kipindi: 1, 11, 121, 1,331, 14,641, 161,051, hadi 1,771,561. Kuzidisha ni sahihi kabisa. Lakini Spock hakusema kwamba wazazi huendelea kuzaa. Mwanafunzi aliyeelewa kuwa kila mzazi huzaa mara moja tu kisha huishi, atapata 1,111,111. Aliyehesabu kizazi cha mwisho peke yake atapata 1,000,000. Mwalimu anayefuata kitabu cha majibu ataweka alama ya vema moja na alama za kosa mbili. Watoto wale wawili watatoka darasani wakiamini kuwa hawajui hesabu, hali walichokikosa ni sharti moja ambalo hawakuambiwa.

Kasoro nyingine ni ya nafaka. Idadi iliyotajwa ni ileile ipatikanayo kwa kuzidisha tu, bila kupunguza hata kiumbe mmoja. Basi nafaka na ukubwa wa ghala vimebadili nini? Kwa mtu asifiwaye kwa mantiki, hilo ni pengo kubwa. Tena wengi wa walioanguka kutoka ghalani walikuwa wamekufa, maana nafaka ilikuwa imetiwa virusi vilivyouzuia mwili kupata lishe. Wakafa njaa katikati ya chakula. Hapo twamsifu mwandishi, kwani ameonyesha kuwa kuongezeka kwa viumbe kuna mpaka. Watoto waliokwisha kuona mahindi yaliyoliwa na dumuzi hawatahitaji maelezo marefu.

Somo hili halihitaji televisheni. Mwalimu asimulie kisa mwenyewe, afike mlangoni pa ghala, anyamaze. Asilitaje jibu. Makundi yapange punje za mahindi: 1, kisha 11, kisha 121. Kwa 1,331 darasa zima litashughulika, na kelele zitakuwapo, tuziache. Kufikia 14,641 wenyewe wataomba njia nyingine, na huo ndio wakati wa kushika chaki. Wakimaliza, waulizwe mtu ahesabuye punje moja kila sekunde, bila kulala, angechukua muda gani kufikia idadi ya Spock. Ni zaidi ya siku 20.

Kisha liulizwe swali hili: wangekuwa wangapi kama nafaka ingalikwisha mwishoni mwa siku ya pili? Majibu yatatofautiana. Kila mtoto aandike sharti lake juu ya jibu lake, nasi tusahihishe jibu kwa kulilinganisha na sharti hilo.