Usifomati kadi, mdogo wangu

*Dada Mshauri. Mimi ni mpiga picha wa shughuli huku Ngorongo, Rufiji. Jumamosi nilipiga harusi, kuanzia kina mama walipokuwa ndani na bibi harusi mpaka bwana harusi alipoingia. Katikati ya kazi betri ikazima. Nilipoweka nyingine, kamera ikasema kadi haisomeki, ifomatiwe. Fundi mmoja wa Ikwiriri anasema nifomati tu, picha atazirudisha. Mama wa bibi harusi anapiga simu kila siku, namwambia bado nazisafisha. Nifanyeje?*
*Mpiga picha, Ngorongo*

Usifomati. Toa kadi kwenye kamera, sukuma ile swichi ndogo ya pembeni upande wa kufunga, na usipige nayo hata picha moja ya majaribio.

Ndani ya kadi mna picha zenyewe, na mna orodha inayoonyesha kila picha imeanzia wapi. Inaelekea betri ilizima kamera ikiwa bado inaandika, na orodha ndiyo iliyovurugika. Picha kwa kawaida huwa zipo palepale. Kinachoziua ni kitu kingine kuandikwa juu yake. Fundi wako hakusema uongo mtupu, maana kufomati ndani ya kamera mara nyingi hufuta orodha tu. Lakini kufomati kamili kwenye Windows hujaza kadi sifuri mwanzo hadi mwisho, na hapo hakuna wa kukurudishia kitu. Utajuaje atabonyeza ipi? Kompyuta nayo ikiuliza kama ikutengenezee kadi, ikatalie.

Kwanza futa miguu ya shaba ya kadi kwa kitambaa kikavu, ujaribu kadi rida nyingine. Mara nyingine mbovu ni rida. Kompyuta ikiiona kadi kwa ukubwa wake halali, matumaini ni makubwa. Mwambie fundi achukue nakala ya kadi nzima, kisha atumie PhotoRec kwenye nakala hiyo. Ni programu ya bure. Sura yake haipendezi, skrini nyeusi na maandishi matupu, lakini haihitaji ile orodha: hupita kadi yote ikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo. Zinazopatikana zihifadhiwe kwenye kompyuta, kamwe zisirudishwe kwenye kadi ileile. Majina ya picha yatapotea, utazipanga upya kwa macho. Video zina bahati ndogo, kwa kuwa huweza kuandikwa vipandevipande, na kipande kimoja kikikosekana video inagoma kucheza.

Kadi isipoonekana kabisa kwenye kompyuta yoyote, programu hazitasaidia. Hiyo ni kazi ya maabara zinazosoma chipu moja kwa moja, na ni ghali. Kuna pia kadi bandia: juu imeandikwa GB 128, ndani haifiki hata robo. Ikijaa huendelea kuonyesha majina ya picha ambazo haikuzihifadhi, na hizo hazirudi. Kadi mpya utakayonunua ipime kwa H2testw kabla ya kuipeleka kwenye shughuli ya watu.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza. Kadi hiyo ina picha za ndani, za kina mama peke yao, wengine bila mitandio. Usimwachie fundi ukaondoka. Kaa naye mpaka amalize, nakala uhamishe kwenye diski yako, na kwenye kompyuta yake picha zifutwe huku ukiona. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata kabla ya sheria, kina mama wale walikuruhusu kuingia kwa sababu walikuamini wewe, si fundi.

Na huko "kusafisha" kunanisumbua kuliko kadi. Mpigie mama leo, umweleze kadi imeharibika na unaishughulikia. Muombe awaambie ndugu wasifute picha walizopiga kwa simu, wakutumie kwa WhatsApp kama dokumenti, zisipungue ubora. Akizisikia habari hizi leo atakasirika, lakini atakusaidia kukusanya. Akizisikia mwezi ujao kutoka kwa mtu mwingine, hatakusikiliza. Picha zikishindikana kabisa, mrudishie pesa yake.