Habari za Kabala: Elimu ya Siri ya Wayahudi, na Hirizi za Kwetu



Mwezi huu twataka kujifunza jambo ambalo jina lake ni geni, lakini matunda yake tunayaona kila siku. Katika pwani ya Ziwa Nyasa, toka Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, na huku juu katika milima ya Wamatengo, wako Wakristo waliobatizwa ambao chini ya nguo zao wamefunga karatasi yenye herufi na tarakimu. Mvuvi huificha katika mtumbwi wake ili upepo wa kusi usimzamishe. Mama humfunga mtoto wake shingoni. Mwenye kahawa huifukia penye shamba lake. Wakiulizwa, baadhi yao hujibu: "Huu si uganga wa mizizi. Haya ni majina ya Mungu, ni elimu ya Musa na Sulemani, nao Wayahudi waijua." Basi, je, ni kweli? Hatuna budi kuchunguza kwanza. Maana mwalimu asiyejua habari hawezi kufundisha; atakemea tu, naye aliyekemewa ataificha hirizi yake ndani zaidi.

1. Kabala ni nini?

Kabala ni neno la Kiebrania, maana yake ni mambo yaliyopokewa, yaani mapokeo. Shina lake ni moja na shina la Kiarabu lililotupatia sisi neno "kubali". Ni mafundisho ya siri ambayo mwalimu wa Kiyahudi alimpa mwanafunzi wake, naye akayapokea.

Tangu zamani wako Wayahudi waliotafakari sana habari za uumbaji katika Mwanzo 1 na maono ya gari la Mungu katika Ezekieli 1. Lakini wazee wao waliona hatari ndani yake. Talmudi yasimulia habari za waalimu wanne walioingia katika bustani ya siri: mmoja akafa, mmoja akarukwa na akili, mmoja akaiacha imani, na Rabi Akiba peke yake akatoka kwa amani. Kwa hiyo ikawa desturi kwa wengi kwamba mtu asifundishwe mambo haya kabla hajatimiza miaka 40 na kuijua Torati vema.

Kitabu chao kikubwa cha elimu hii huitwa Zohari, maana yake Mng'ao. Kilianza kuonekana Hispania katika miaka ya 1280, mikononi mwa Musa wa Leon. Chafundisha ya kuwa Mungu katika nafsi yake ni Asiye na Mwisho, wala akili ya mtu haimfikii. Lakini hujidhihirisha kwa njia kumi, kama vile hekima, ufahamu, rehema, hukumu na ufalme.

Mwaka 1492 Wayahudi walifukuzwa Hispania, wakatawanyika. Wengine walifika Safedi, mji wa Galilaya. Huko ndiko alikofundisha Isaka Luria, aliyefariki mwaka 1572. Yeye alisema kwamba hapo mwanzo vyombo vilivyotiwa nuru ya Mungu vilivunjika, na cheche zake zikatapakaa duniani. Kila mtu atendapo amri ya Mungu kwa moyo safi, huokota cheche moja na kuirudisha. Sisi hatufundishi hivyo. Hata hivyo twaweza kusikia ndani yake kilio cha watu waliovunjikiwa, wanaouliza jinsi ulimwengu utakavyotengenezwa tena.

2. Hesabu ya herufi

Katika Kiebrania kila herufi ni tarakimu pia: ya kwanza ni 1, ya pili ni 2, na kuendelea. Kwa hiyo kila neno lina jumla yake. Neno la "mmoja" lina 1, 8 na 4, jumla 13. Neno la "upendo" lina 1, 5, 2 na 5, nalo ni 13. Ukiyajumlisha hayo mawili wapata 26; na herufi nne za Jina la Bwana ni 10, 5, 6 na 5, yaani 26. Mwalimu wa Kiyahudi hufurahi akasema: Mungu ni mmoja, naye ni upendo. Hilo ni fumbo zuri la kukumbushia fundisho ambalo Maandiko yamekwisha kulitoa waziwazi. Lakini hesabu yenyewe si ufunuo, maana maneno mengi yaweza kuwa na jumla moja, ya kweli na ya uongo pia.

3. Karatasi za kwetu zatoka wapi?

Waarabu nao walihesabu kwa herufi vivyo hivyo. Elimu hiyo ilifika pwani ya Waswahili. Na kwa njia ya misafara ya Kilwa, na kwa wafanya biashara waliokaa Nkhotakota ng'ambo ya ziwa tangu miaka ya 1840, ikafika katika Nyasa. Kwa hiyo karatasi tuzionazo hapa ni ndugu wa mbali wa hesabu za Wayahudi. Hazikutoka kwa Musa wala kwa Sulemani.

Mara nyingi ndani yake mna mraba wenye vyumba tisa. Safu ya juu ni 4, 9, 2. Ya kati 3, 5, 7. Ya chini 8, 1, 6. Jumlisha kwa kulala, kwa kusimama au kwa kukingama, kila mara utapata 15. Asiyejua hesabu hushangaa, akadhani ni nguvu ya mbinguni. Lakini mtoto wa shule akionyeshwa mara moja aweza kuuandika mwenyewe, wala hatadai kuku.

4. Wazungu nao

Tusidhani kwamba Wazungu hawakuzivutiwa siri hizi. Johannes Reuchlin, ndugu wa babu au bibi wa Philip Melanchthon kwa hesabu ya ukoo, alitoa kitabu juu ya Kabala mwaka 1517, mwaka ule ule wa zile hoja 95. Yeye alikuwa mtu wa haki: mwaka 1510, watu walipotaka kuvichoma vitabu vya Wayahudi, alikataa. Luther mwenyewe alijifunza Kiebrania kwa sarufi yake. Lakini mwaka 1543 Luther aliandika juu ya Wayahudi na Jina la Mungu kwa matusi mabaya mno. Maneno hayo tusiyafiche wala tusiyafuate. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani liliyakataa hadharani.

Baadaye wengine waligeuza siri kuwa biashara. Mwaka 1849 kilipigwa chapa huko Stuttgart kitabu kiitwacho "Cha Sita na Cha Saba cha Musa", kimejaa mihuri na majina ya Kiebrania yaliyoharibika. Kimezunguka Marekani, visiwa vya Karibi na Afrika Magharibi. Kikiletwa sokoni Mbinga, jueni ya kuwa Musa hana habari nacho. Vitabu vya Musa ni vitano.

Tena Wayahudi wenyewe walionya. Musa bin Maimuni, mwalimu wao mkuu aliyefariki mwaka 1204, aliwalaumu vikali waandikao hirizi kwa majina ya Mungu.

5. Siri ikishika watu wengi

Mwaka 1665 Nathani wa Gaza, mjuzi wa Kabala, alimtangaza Sabatai Sevi kuwa Masihi. Wayahudi wa nchi nyingi wakaamini, wengine wakauza mali zao wapate kusafiri. Mwaka 1666 Sabatai aliwekwa mbele ya Sultani wa Waturuki, akasilimu ili asiuawe. Huzuni yao ilikuwa kubwa.

Sisi wa Ruvuma hatuwezi kuwacheka. Mwaka 1905 baba zetu katika Ungoni walipokea maji, wakaambiwa kwamba risasi hazitawadhuru. Waliteswa kweli, na shauku yao ya kuwa huru ilikuwa ya haki. Lakini maji hayakuzuia risasi. Mtu mwenye shida kuu hushika chochote apewacho. Kwa hiyo dhambi ya anayeuza tumaini la uongo ni nzito kuliko ya anayelinunua.

6. Basi tufanyeje?

Kumbukumbu 29:29 yatenga mambo mawili: ya siri ni ya Bwana, na yaliyofunuliwa ni yetu na watoto wetu. Wakolosai 2:3 yasema hazina zote za hekima zimo ndani ya Kristo, naye hauzwi. Katika ubatizo Jina la Mungu tuliwekewa mbele ya watu wote, bila malipo. Katika Katekisimo Ndogo, Luther aifafanuapo amri ya pili ahesabu uchawi kwa Jina la Mungu pamoja na laana na uongo. Kisha atuagiza kuliita Jina hilo katika kila taabu. Mtoto mdogo aweza kuliita.

Ee mwalimu, usiikate hirizi shingoni mwa mtoto kwa nguvu. Huko Efeso waamini walivileta vitabu vyao wenyewe (Matendo 19:19). Keti na mama yake, umwulize anaogopa nini. Labda amezika watoto wawili. Ombeni pamoja, umsindikize zahanati, urudi tena kesho na kesho kutwa. Akiona kwamba hakuachwa peke yake, mkono wake mwenyewe utaifungua.

Maswali kwa mafundisho ya walimu

1. Kabala ya Wayahudi na hirizi za kwetu zafanana katika nini, nazo zatofautiana katika nini?
2. Kuliita Jina la Mungu na kulitumia Jina la Mungu kuna tofauti gani?
3. Katika usharika wako, nani anaogopa, na ni nani aliyemtembelea?