Dondoo muhimu: Kabla hujatuma ether kwa ethers.js

Maktaba ya ethers.js humrahisishia mtunzi wa programu kazi ya kuwasiliana na mtandao wa Ethereum: kwa mistari michache ya JavaScript unafungua pochi, unasoma salio na kutuma pesa. Ila muamala ukishathibitishwa, haurudi. Zingatia haya:

• Ficha ufunguo wa siri. Usiuandike ndani ya msimbo. Uweke kwenye faili la .env, na uliorodheshe faili hilo katika .gitignore kabla hujapandisha kazi yako GitHub.

• Anzia Sepolia. Huu ni mtandao wa majaribio. Ether yake haina thamani, hivyo ukikosea hupati hasara.

• Usihesabu sufuri mwenyewe. Wei ndicho kipimo kidogo kabisa cha ether: ether 1 ni wei 1 yenye sufuri 18 nyuma yake. Andika parseEther("0.05"), maktaba ifanye hesabu. Sarafu ya USDC kwenye Ethereum ina desimali 6 tu, kwa hiyo tumia parseUnits("20", 6).

• Kagua anwani. Ipitishe kwenye getAddress. Mpangilio wa herufi kubwa na ndogo husaidia kunasa herufi iliyokosewa.

• Kusoma salio hakuhitaji ufunguo. Tumia getBalance ya provider, yaani kiungo chako na mtandao. Pochi ifungue pale tu unapotaka kutia saini.

• Subiri uthibitisho. sendTransaction hujibu muamala ukiwa bado kwenye foleni. Weka await tx.wait() kwanza, ndipo umwambie mteja malipo yamefika.