Chai ya mnanaha haionyeshi mahoka

Msomaji mmoja wa Kitangari, wilayani Newala, ana wasiwasi na mwanawe. Kijana huyo ameona kwenye simu watu wakisafiri hadi Amerika Kusini kunywa ayahuaska ili wapate maono. Sasa yeye na wenzake wanadai kwamba mbegu za mnanaha uliojiotea nyuma ya nyumba, zikichemshwa kama chai, hufanya kazi ileile: mnywaji huwaona mahoka, yaani mizimu ya wazee, na kwa kuwa ni miti shamba, haimdhuru kama gongo. Mama anauliza kama kuna ukweli.

Hakuna.

Ayahuaska ya msitu wa Amazon hupikwa kwa mmea utambaao uitwao Banisteriopsis caapi pamoja na majani ya Psychotria viridis. Majani hayo yana kemikali ya DMT, ambayo ikimezwa peke yake huvunjwa mwilini kabla ya kufika ubongoni. Ule mmea utambaao ndio unaozuia isivunjwe. Peru iliitambua mila hiyo kuwa urithi wa taifa mwaka 2008. Hata hivyo, anayetumia baadhi ya dawa za sonona akiinywa anaweza kupoteza maisha. Huku kwetu Afrika, Gabon wana iboga ya ibada ya Bwiti, na yenyewe inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Mnanaha haumo katika ukoo huo. Ni ule mmea wenye harufu mbaya, maua marefu meupe au ya zambarau na tunda la miiba, unaopenda majalala, mazizi na kando ya barabara. Sehemu zake zote zina atropini, skopolamini na hiosiamini, kemikali zinazokata mawasiliano kati ya neva na moyo, macho, utumbo, kibofu na tezi za mate. Kwa kawaida katika muda wa nusu saa hadi saa moja mdomo hukauka, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa nyekundu na ya moto bila jasho, moyo hukimbia na mkojo hugoma kutoka. Kisha akili huvurugika. Wanaokufa huuawa na joto la mwili, degedege, moyo au ajali.

Hayo yanayoitwa mahoka ni maruweruwe ya sumu. Mgonjwa huzungumza na mtu asiyekuwepo, huokota vitu hewani, huvua nguo, hukimbia bila kujua aendako, na hapo kwenye makorongo ya Newala mtu hahitaji kukimbia mbali ili aumie. Tena hajui kwamba anaona yasiyokuwepo. Hali hiyo huweza kudumu siku moja au mbili, na ikiisha huwa amesahau sehemu kubwa ya yaliyotokea. Hata kama alikwenda kutafuta ujumbe wa wazee, atarudi bila ujumbe.

Wanaosema wazee waliutumia hawasemi uongo. Wagonjwa wa pumu walivuta moshi wa majani yake, na atropini kweli hulegeza njia za hewa. Dawa ya ipratropiamu inayovutwa leo imetokana nayo. Mwaka 1972 mtafiti Thomas Johnston alieleza jinsi Watsonga wa upande wa kusini wa bara hili walivyoutumia katika unyago wa wasichana. Hospitalini, atropini ndiyo humwokoa mkulima aliyepata sumu ya baadhi ya viuatilifu. Ila muuguzi anaipima kwa miligramu, huku akihesabu mapigo ya moyo. Mbegu hazina kipimo: mmea mmoja na jirani yake hutofautiana kwa ukali, hata tunda na tunda.

Wapo walioonja sumu hii bila kutaka maono yoyote. Mwaka 1991 Daktari H. T. Rwiza aliandika kuhusu mlipuko wa sumu ya mnanaha katika chakula, ulioshughulikiwa na Hospitali ya Usangi huko Upare. Mwaka 2019, Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa lishe wa msaada uliochanganyika na sumu hiyohiyo.

Kijana akishakunywa, apelekwe kituo cha afya mara moja. Asitapishwe, asipewe pombe ya uraka wala maziwa, asifungwe kamba. Apunguzwe nguo na abaki na mtu mtulivu. Kwa Wamakonde mjomba huwa na neno zito katika mambo ya mpwawe, basi naye aambiwe mapema kwamba tiba ya mapepo itasubiri. Homa na kuweweseka hufanana mno na malaria kali, kwa hiyo familia inayoficha kwa aibu inaweza kumfanya mganga wa zamu atibu ugonjwa mwingine, au atoe sindano ya kutuliza kama kloropromazini, ambayo inaweza kuzidisha hali hii. Waseme alichokunywa na saa aliyokunywa, wabebe na mabaki ya sufuria.

Ule mnanaha wa nyuma ya nyumba ung'olewe kabla matunda hayajapasuka, kwa mikono iliyofunikwa, na asiyeosha mikono asiguse macho. Usichomwe karibu na watu, kwa kuwa moshi nao una dawa. Ukishadondosha mbegu, kazi ni ya miaka: hukaa ardhini muda mrefu zikingoja mvua, kwa hiyo mahali hapo pakaguliwe kila masika.